Sabuni, Machela na Ghala la Protini



Jirani yangu mmoja, sajini mstaafu aliyetunza ghala la kikosi kwa miaka mingi, hupenda kusimulia habari za mkaguzi aliyefika siku moja kutoka makao makuu. Mkaguzi yule alifungua daftari la kutolea vifaa, akahesabu saini moja baada ya nyingine, kisha akatoa hukumu. Sabuni iliombwa kila juma. Viberiti hali kadhalika. Lakini machela zilitolewa mara mbili tu kwa mwaka mzima, kwa hiyo zipunguzwe. Sajini akasimama wima, akauliza kwa adabu: "Afande, na wale waliobebwa juu ya machela hizo siku mbili zile, wameandikwa wapi katika hesabu yako?"

Nimeikumbuka hadithi hiyo kwa sababu katika ulimwengu wa sayansi liko ghala moja kubwa ambalo wakaguzi wake wana shida ile ile. Ni ghala lisilo na mlango wala kufuli, na kila apendaye huingia na kuchukua bila kulipa hata senti. Vilivyomo si vyombo wala vyakula bali ni maumbo ya protini. Serikali zinazoligharimia huuliza, na zina haki ya kuuliza: je, fedha zetu zimeleta faida gani? Majibu yanayotolewa, mengine ni ya maana, na mengine, kwa maoni yangu, ni hesabu ya sabuni.

Kwanza tuelewane juu ya protini yenyewe. Mama wa nyumbani alisikiapo neno hilo hufikiri maharagwe, mayai na samaki, wala hakosei. Lakini ndani ya mwili protini ni watumishi. Kila moja ni mnyororo mwembamba uliojikunja kwa namna yake maalumu, na ule mkunjo ndio uipao kazi. Iko ibebayo hewa katika damu, iko imeng'enyayo chakula, iko ifunguayo na kufunga milango ya chembe za mwili. Vijidudu vya maradhi navyo vina protini zao. Atakaye kutengeneza dawa ya kuizuia protini ya adui ni kama fundi atakaye kuchonga ufunguo, naye hana budi kulijua tundu la kufuli.

Kulijua umbo hilo si kazi ya siku moja. Protini hugeuzwa kuwa fuwele, mfano wa chembe za chumvi, kisha fuwele hupigwa mionzi ya eksirei, na kutokana na alama zinazotawanyika wataalamu hukokotoa mahali pa kila atomu. Max Perutz alianza kuichunguza protini ya damu huko Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1930, na ilimchukua zaidi ya miaka ishirini kulipata umbo lake. Mwenzake John Kendrew alimtangulia kidogo mwaka 1958 kwa protini ndogo zaidi iliyomo katika misuli. Wote wawili wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 1962.

Sasa, mtu aliyetoa jasho la miaka ishirini huona vigumu kukipa kila mpita njia alichokipata. Hata hivyo mwaka 1971, katika maabara ya Brookhaven karibu na mji wa New York, lilianzishwa ghala la pamoja liitwalo Protein Data Bank. Siku ya kufunguliwa lilikuwa na maumbo saba tu. Nyakati zile hesabu zilitobolewa katika kadi za karatasi nene, kadi moja kwa kila atomu, na baadaye zikapelekwa kwa posta katika kanda za sumaku. Wako waliotoa kwa moyo mkunjufu. Wako pia waliochapisha picha nzuri katika majarida, wakapata sifa, na hesabu zenyewe wakazifungia kabatini. Ilibidi wenzao wapige kelele, na katika miaka ya 1990 majarida makubwa yakakaza sheria: asiyeweka hesabu zake ghalani, makala yake haipokewi. Kufikia Januari 2023 ghala lilikuwa limepita maumbo 200,000, nalo hutunzwa kwa ushirikiano wa vituo vya Marekani, Ulaya na Japani.

Kila umbo liingialo hupewa namba yake ya tarakimu na herufi nne, kama vile askari apewavyo namba anapokula kiapo. Mathalani, umbo la protini moja muhimu ya virusi vya korona, lililopatikana kwa wataalamu wa Shanghai, lina namba 6LU7. Lilifunguliwa kwa watu wote tarehe 5 Februari 2020, wakati ambapo nchi nyingi zilikuwa bado hazijafunga hata mpaka mmoja. Watafiti wakalichukua na kuanza kuchonga funguo.

Turudi kwa mkaguzi wetu. Njia ya kwanza ya kupima ni kuhesabu nakala zinazochukuliwa. Ni njia rahisi, kwa kuwa kompyuta hujihesabia yenyewe. Lakini mwanafunzi achukuaye umbo moja mara kumi kwa kuwa mtandao unakatika, kompyuta humhesabu kuwa watu kumi. Na mtu achukuaye ghala zima mara moja, akalitumia miaka mitano, huhesabiwa mara moja. Liko jambo jingine la kuchekesha. Protini moja ya ute wa yai la kuku, iitwayo lisozimu, ina maumbo mamia kwa mamia ghalani. Si kwamba ute wa yai una siri nyingi kuliko maradhi yetu. Ni kwa kuwa lisozimu hugeuka fuwele kwa urahisi sana, na kila ajaribuye chombo kipya huanza nayo. Hiyo ndiyo sabuni ya ghala hili.

Njia ya pili ni kuhesabu mara ambazo watafiti wamelitaja ghala, au umbo fulani, katika maandishi yao. Makala ya mwaka 2000 iliyolieleza ghala hili imo katika orodha ya makala 100 zilizotajwa kuliko zote katika historia ya sayansi, kama jarida la Nature lilivyohesabu mwaka 2014. Hiyo ni heshima kubwa kwa ghala. Lakini yule aliyekesha usiku akilitafuta umbo moja haonekani humo. Wengi huandika kwamba walitumia umbo fulani, namba yake hawaitaji, na aliyeliweka hawamtaji kabisa. Ni kama jirani aazimaye kinu, akapika pilau, akasifiwa na wageni, na mwenye kinu hata harufu haikumfikia.

Tena kutajwa mara nyingi si dalili ya ukweli. Mwaka 2001 mtafiti mmoja wa California alitangaza umbo la pampu iliyomo katika ngozi ya bakteria, jamaa ya zile pampu ambazo chembe za saratani hutumia kuitema dawa. Dunia ikashangilia, na katika miaka mitano makala ile ikatajwa zaidi ya mara 300. Mwaka 2006 wataalamu wa Zürich wakatoa umbo la pampu ya ukoo huo huo, na maumbo mawili yalipowekwa ubavu kwa ubavu hayakupatana hata kidogo. Mtafiti yule akarudi kwenye hesabu zake, akagundua kwamba programu iliyotumika maabarani mwake ilikuwa imebadilishana safu mbili za tarakimu, na umbo zima likageuka kama sura ya mtu katika kioo: mkono wa kulia umekuwa wa kushoto. Alikiri hadharani, na makala tano zikafutwa. Namsifu kwa kukiri. Lakini tazama, ndugu msomaji: kwa hesabu ya kutajwa peke yake, kosa lile lilikuwa miongoni mwa kazi bora za miaka yake. Wako waliopoteza miezi wakijaribu kulinganisha majaribio yao na umbo lisilokuwako.

Njia ya tatu ni ya wahasibu. Wao hukadiria kwamba kulipata umbo moja upya kungegharimu, kwa wastani, dola 100,000 za Marekani. Zidisha kwa maumbo 200,000, unapata dola bilioni 20. Gharama ya kulitunza ghala kwa mwaka ni sehemu ndogo mno ya kiasi hicho. Hesabu hii huwapendeza mawaziri wa fedha, nami siikatai. Ila inatuambia bei ya kujaza ghala upya likiungua, haituambii ni nani aliyeokolewa na kilichomo.

Iko njia ya nne, iliyo ndefu na yenye kuchosha: kuanzia mwishoni, kwa mgonjwa, na kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi ghalani. Mwaka 2019 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Rutgers, John Westbrook na Stephen Burley, walichapisha uchunguzi wa namna hiyo. Walizichukua dawa mpya 210 zilizoidhinishwa Marekani kati ya mwaka 2010 na 2016, wakauliza kama ghalani mlikuwa na umbo la dawa yenyewe au la protini inayolengwa na dawa hiyo. Kwa asilimia 88 ya dawa hizo jibu lilikuwa ndiyo, na maumbo yanayohusika yalikuwa 5,914. Jambo lililonigusa zaidi ni hili: zaidi ya nusu ya maumbo hayo yalikuwa yamekwisha kuwekwa ghalani zaidi ya miaka kumi kabla ya dawa kuidhinishwa. Mkaguzi ajaye baada ya miaka mitatu na daftari lake angeandika kwamba ni mali iliyolala.

Nitatoa mifano miwili iliyo karibu nasi, kwa maana imepita katika kambi zetu na katika nyumba zetu.

Wa kwanza ni UKIMWI. Virusi vyake hutengeneza protini zikiwa zimeungana kama shanga katika uzi mmoja, kisha vina mkasi wa kuzikata, nao mkasi huo huitwa proteasi. Mkasi ukizuiwa, virusi vinavyozaliwa havina nguvu ya kuambukiza. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani na Uingereza walilipata umbo la mkasi huo: nusu mbili zilizo sawa, na katikati yake pengo la kukatia. Wachongaji wa dawa wakalitazama pengo hilo, wakatengeneza vitu vya kuliziba. Desemba 1995 dawa ya kwanza ya kundi hilo, sakwinaviri, ikaidhinishwa Marekani. Lopinaviri na atazanaviri, ambazo katika nchi zetu hupewa mgonjwa pale dawa za daraja la kwanza zinaposhindwa, ni za ukoo huo. Sote tunawajua watu waliokuwa wamekwisha kuagwa, na leo wanapeleka wajukuu shule. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuandika makala ya kulitaja ghala.

Wa pili ni malaria, nao nitakaa nao zaidi, kwa kuwa una mafunzo ya pande zote.

Wasomaji wenye umri wanaikumbuka Fansidar, vidonge vitatu vilivyomezwa kwa mkupuo mmoja wakati klorokwini ilipoanza kushindwa. Ndani yake mna dawa mbili, na mojawapo ni pirimethamini, iliyotengenezwa kuziba protini moja ambayo kijidudu cha malaria hakiwezi kuzaana bila hiyo. Haukupita muda mrefu Fansidar nayo ikaanza kushindwa. Wataalamu walijua kwamba protini ile ilikuwa imebadilika katika sehemu nne za mnyororo wake, yaani pete za 51, 59, 108 na 164. Lakini mabadiliko hayo yaliizuiaje dawa? Hapo hapakuwa na aliyeona kwa macho.

Jibu halikutoka London wala Boston bali lilitoka Bangkok. Mwaka 2003 watafiti wa Thailand wakiongozwa na Yongyuth Yuthavong walichapisha umbo la protini ile, la asili na lile lililobadilika mara nne, wakayaweka yote ghalani. Ndipo ilipoonekana kwamba katika pete ya 108 kipande kidogo kimeondoka na kikubwa zaidi kimekaa mahali pake, nacho huisukuma pirimethamini nje. Ni mfano wa kokoto katika tundu la kufuli: ufunguo ni ule ule, ila haufiki mwisho. Na kwa kuwa pirimethamini ni ngumu, haipindi, haina njia ya kulikwepa lile kokoto. Wathai wakachonga ufunguo mwingine wenye kupinda, wakauita P218, na mwaka 2012 wakatangaza kwamba unaweza kuiziba protini hata ile iliyobadilika. Baadaye ukaanza kujaribiwa kwa watu. Bado si dawa ya dukani, nami sitaki mtu aende kuitafuta kwa mwuza dawa kesho asubuhi.

Je, umbo lile la mwaka 2003 lina faida gani hadi leo? Kwa hesabu ya dawa zilizouzwa, hakuna. Kwa hesabu ya kuelewa, sasa twajua kwa nini vidonge vile vilishindwa, na kijana wa Makerere, Dar es Salaam au Nairobi aweza kulifungua umbo hilo katika kompyuta yake leo usiku, akaligeuza huku na huku, akaendelea pale Wathai walipofikia, bila kumwomba mtu ruhusa. Na mama mjamzito anayepewa dawa ile ile kliniki ili kumkinga yeye na mtoto tumboni, kwa maana bado hutolewa kwa kazi hiyo, ana haki ya kutumaini kwamba mrithi wake anatafutwa na watu wanaoliona tundu, wala hawapapasi gizani.

Kisha likatokea jambo ambalo limezivuruga hesabu zote. Mwaka 2020 kompyuta za kampuni ya DeepMind ya London zilionyesha uwezo wa kutabiri mkunjo wa protini kwa kutazama mpangilio wa pete zake tu. Zilijifunza wapi? Ghalani. Zilisomeshwa kwa maumbo karibu 170,000 yaliyokusanywa kwa karibu miaka hamsini na maelfu ya watu. Mwaka 2022 kampuni ile ikatoa maumbo yaliyotabiriwa zaidi ya milioni 200, na mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper wakapata nusu ya tuzo ya Nobel ya kemia. Nusu ya pili ilikwenda kwa David Baker kwa kubuni protini mpya.

Sina kinyongo na washindi. Lakini fikiri juu ya yule mtafiti aliyeliweka umbo lake mwaka 1985, likakaa miaka thelathini na mitano pasipo mtu kulitaja, na kumbe lilikuwa tone moja katika elimu ya kompyuta ile. Ni daftari gani litakaloandika sehemu yake? Mashine haitii saini.

Kwa hiyo nasema nini? Sisemi kwamba tusihesabu; ghala lisilohesabiwa huliwa na panya na watunzaji wake. Nasema kwanza kwamba namba ya umbo itajwe kila linapotumika, bila udhuru, kama bunduki haitoki pasipo namba yake kuandikwa. Majarida yangeweza kulikaza hili kwa juma moja, kama yalivyokaza lile la kwanza. Pili, kwamba muda wa kupimia uwe mrefu, miaka kumi na zaidi, na kosa lililogunduliwa kwa sababu data ziliwekwa wazi lihesabiwe kuwa faida.

Hilo la mwisho linahitaji kitu zaidi ya umbo lililokamilika. Tangu Februari 2008 ghala humtaka kila aletaye umbo la fuwele alete pia vipimo alivyolijengea. Ni hatua njema. Lakini picha ghafi za eksirei zenyewe, yaani zile alama kabla mkono wa mtu haujazigusa, ni nzito mno kuzihifadhi, na kwa miaka mingi zilipotea katika diski kuukuu. Mwaka 2016 ilielezwa hifadhi moja iliyoanzishwa na watu wa chuo cha udaktari cha Harvard kwa ajili ya picha hizo. Kila kifungu ndani yake kina namba ya kudumu, ili atakayekitumia amtaje aliyekitoa. Kwa kuwa na picha ghafi, mtu mwingine aweza kuanza hesabu tangu mwanzo. Yule bwana wa California, kama picha zake zingalikuwa mezani kwa watu wote mwaka 2001, pengine asingalingoja miaka mitano kuambiwa kwamba umbo lake limesimama katika kioo.

Kuna wanaohofu kwamba atoaye data zake bure atapitwa na mwenye kompyuta kubwa zaidi. Hofu hiyo si ya kipuuzi, hasa kwa maabara zetu ambazo umeme hukatika katikati ya jaribio. Mimi naona dawa yake ni ile saini katika daftari. Mtoaji akijua kwamba namba yake itatajwa, na kwamba kutajwa huko kutatazamwa siku ya kupandishwa cheo, atatoa. Asipojua, atarudi kwenye kabati la miaka ya 1970.

Jirani yangu sajini nilimsomea haya kabla ya kuyapeleka mtamboni. Akauliza swali moja tu: ghala hilo hufunguliwa lini? Nikamwambia halifungwi kamwe, lakini shehena mpya hutolewa mara moja kwa juma, kila Jumatano saa sita kamili usiku kwa saa za Greenwich. Kwetu Afrika Mashariki ni saa tisa usiku. Akatikisa kichwa, akasema kwamba hiyo ni saa ya zamu ngumu kuliko zote.